Ribolla ya Oslavia: jinsi maganda yalivyookoa mvinyo uliodharauliwa

Mwaka 1996 mvua ya mawe ilipiga vilima vya Oslavia, kitongoji cha mji wa Gorizia kaskazini mashariki mwa Italia. Katika mashamba ya Josko Gravner karibu zabibu zote za aina ya Ribolla Gialla ziliharibika. Zilizosalia hazikutosha biashara, lakini zilitosha jaribio: alizichachisha pamoja na maganda yake, kama wafanyavyo watu kwa zabibu nyekundu, bila hamira ya kununua. Kufikia mavuno ya 2001 kazi hiyo ilikuwa imehamia kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini. Jirani yake, Stanko Radikon, alikuwa ameanza kujaribu maganda mwaka 1995, kwa njia yake mwenyewe na kwa vyombo vingine.

Leo anayeanza kuitafuta mivinyo ya asili ya wakulima wadogo wa Italia hukutana mapema na chupa za Oslavia zenye rangi ya kaharabu. Huambiwa kwamba ni mvinyo usiotiwa kitu, basi. Maelezo hayo ni mafupi mno, na yamewaponza wengi waliojaribu kuiga. Aliyeacha kutia dawa ghalani asibadili kazi ya shambani, wala chombo, wala muda, amepata siki. Maganda yalikuwa jibu la kiufundi kwa tatizo linalojulikana, na jibu hilo linadai zabibu ya namna yake. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufuatwa kutoka shina la mzabibu hadi glasi.

Mahali na zabibu yake

Oslavia iko katika vilima vya Collio, mpakani kabisa na Slovenia, ambako vilima hivyo hivyo huitwa Brda. Familia nyingi huzungumza Kislovenia nyumbani, na baadhi zina mashamba pande zote mbili za mpaka. Udongo huitwa ponca: tabaka za mawe laini ya mfinyanzi wenye chokaa zilizopishana na za mawe ya mchanga, zilizokuwa sakafu ya bahari zama za kale. Zikikutana na hewa na mvua humomonyoka kuwa vipande vidogo. Maji hayatuami, mizizi hupenya kwa taabu, na mzabibu hauvimbi majani. Upepo mkavu wa bora hushuka kutoka mashariki na kukausha vichala baada ya mvua. Upepo huo una sehemu kubwa katika habari hii, kwa sababu ndio unaomruhusu mkulima kuacha zabibu mtini hadi Oktoba bila kuozeshwa na ukungu.

Kati ya 1915 na 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, mstari wa mbele wa mapigano ya mto Isonzo ulipita hapahapa, na kijiji kikasagwa. Jengo la kumbukumbu lililokamilika mwaka 1938 linahifadhi mabaki ya askari wapatao 57,000. Kisha mkataba wa amani wa 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, ukapitisha mpaka katikati ya mashamba. Kwa hiyo tukisema wakulima hawa walirudia njia ya wazee, tusidhani njia hiyo ilikuwa imekaa ikiwangoja. Maghala, mapipa na mizabibu vilikwenda na vita. Kilichobaki ni kumbukumbu, na katika familia ya Radikon kumbukumbu hiyo ilikuwa na maana ya kazi: babu alikuwa akiiacha Ribolla kwenye maganda ili idumu mwaka mzima bila kuharibika.

Ribolla Gialla yenyewe, kwa Kislovenia Rebula, inatajwa katika hati za eneo hilo tangu karne ya 13. Ganda lake ni nene, huiva kwa kuchelewa, asidi yake ni kali, na harufu yake ni hafifu sana ukilinganisha na Sauvignon au Moscato. Sifa hizi nne ndizo zilizoiponza kwanza na kuiokoa baadaye.

Tatizo lilianzia wapi

Miaka ya 1970 na 1980 eneo la Friuli lilipata sifa duniani kwa mivinyo myeupe safi, angavu, yenye harufu ya matunda. Mbinu inaeleweka na inafanya kazi. Zabibu hukamuliwa mara tu zinapofika, maganda hutupwa, juisi hutiwa dioksidi ya salfa, kihifadhi kinachoitwa salfa kwa kifupi, kiasi cha miligramu 50 hivi kwa lita na kupoozwa hadi nyuzi 10 au 12 ili uchafu utuame. Kisha huja hamira iliyochaguliwa maabara, na uchachukaji kwa nyuzi 15 hadi 18 katika matangi ya chuma cha pua. Mvinyo husafishwa kwa udongo wa bentonaiti unaoondoa protini, huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya maikroni 0.45, na huwa chupani kabla ya majira ya kuchipua kwisha.

Kwa zabibu yenye harufu nyingi kwenye juisi, mbinu hiyo huleta mvinyo mzuri. Kwa Ribolla huleta maji makali yenye kileo. Karibu kila kitu cha thamani katika zabibu hii kimo katika ganda: tanini (kinacholeta ukakasi), rangi, viungo vinavyozaa harufu taratibu. Ukilitupa ganda ndani ya saa moja ya kwanza, umeutupa mvinyo. Haishangazi kwamba wakulima wengi waling'oa Ribolla wakapanda Chardonnay na Sauvignon, zilizokuwa zikiuzika.

Gravner alipita njia hiyo yote na kuifikisha mwisho. Alitumia matangi ya chuma, akahamia mapipa madogo ya mwaloni ya Kifaransa, na wakosoaji wa Italia wakamweka miongoni mwa watengenezaji bora wa mvinyo mweupe nchini. Mwaka 1987 alisafiri California, akaonja mivinyo mingi kwa siku chache, akarudi amekata tamaa: aliona huko mwisho wa barabara aliyokuwa akiifuata, yaani mivinyo inayofanana popote itokako. Miaka 9 baadaye ikaja mvua ya mawe. Mkulima mwenye mavuno kamili hathubutu kuyaweka yote kwenye jaribio. Mwenye mavuno yaliyokwisha kupotea hana cha kuhofia. Hilo kwa maoni yetu ndilo lililofanya 1996 uwe mwaka wa kugeuka, ingawa mawazo yalikuwa yamepikika muda mrefu.

Maganda hufanya nini hasa

Zabibu huondolewa vikonyo na punje kupasuliwa kidogo, kisha kila kitu huingia chomboni: juisi, maganda, mbegu. Hamira iliyo kwenye maganda na kwenye kuta za ghala huanza kazi baada ya siku 2 hadi 4. Hewa ya ukaa husukuma maganda juu, yakafanya kofia nene. Kofia hiyo ni ulinzi na ni hatari kwa wakati mmoja. Chini yake hakuna oksijeni, hivyo mvinyo uko salama. Juu yake kuna joto, unyevunyevu na hewa, na bakteria wa siki hawahitaji zaidi ya hapo. Kofia ikikauka kwa siku moja tu, harufu ya gundi na siki huanza kusikika.

Dawa yake ni mkono. Kofia husukumwa chini kwa mti mrefu mara 3 au 4 kwa siku, usiku ukiwemo, hadi sukari iishe. Kusukuma kunalowesha maganda, kunagawa joto, na kunaipa hamira oksijeni kidogo inayoihitaji mwanzoni. Anayefanya kazi hii ghalani asisahau kwamba lita moja ya juisi hutoa zaidi ya lita 40 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito, hutuama chini, na imeua watu walioinama juu ya matangi. Mlango na madirisha hubaki wazi, na hakuna anayeingia peke yake.

Kipimo ni kimoja na ni rahisi: haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa juisi ukilinganishwa na maji. Juisi yenye gramu 220 za sukari kwa lita huanza karibu na 1.090 na inapaswa kushuka kila siku hadi chini ya 0.995. Takribani gramu 17 za sukari huleta asilimia 1 ya kileo, hivyo gramu 220 huishia kwenye asilimia 13. Kipimo kikisimama siku 2 mfululizo, tuseme kwenye 1.010, ni lazima kutafuta sababu siku ileile. Mara nyingi sababu ni joto: hamira huanza kudhoofika kukaribia nyuzi 35. Sababu nyingine ni njaa ya naitrojeni, hasa zabibu zilizotoka kwenye udongo uliochoka.

Uchachukaji ukisimama katika mvinyo usio na salfa, bakteria wa asidi ya maziwa hukuta gramu 20 au 30 za sukari mezani. Wakila asidi ya maliki, ambayo ndiyo chakula chao cha halali, mvinyo hulainika. Wakila sukari, hutoa asidi ya siki, na hapo mvinyo umekwenda. Kinga ni kianzio: siku 5 hivi kabla ya mavuno makubwa mkulima huvuna vichala vichache safi, huvisaga na kuviacha vichachuke kwenye ndoo. Ndoo zenye harufu nzuri huingizwa kwenye chombo kikubwa kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 5 ya ujazo, kama donge la jana linavyoumua unga wa leo. Ndoo yenye harufu ya gundi humwagwa. Kazi hii ni ndogo kupita zote katika orodha nzima, na kuiruka ndilo kosa linalogharimu zaidi.

Sukari ikiisha, mtengenezaji wa kawaida wa mvinyo mwekundu hukamua. Hapa ndipo Oslavia ilipoachana na wengine. Majaribio ya kwanza ya Radikon yalikuwa ya siku chache tu kwenye maganda. Taratibu yakasogea hadi miezi kadhaa, na leo nyumba hiyo hukaa karibu miezi 3, katika mapipa ya mwaloni yaliyo wazi juu ambayo hufunikwa na kujazwa uchachukaji unapokwisha. Gravner huacha miezi kama 6.

Mtu huuliza: si mvinyo utakuwa mchungu? Katika wiki za kwanza, ndiyo, na anayekamua wiki ya 3 au ya 4 mara nyingi hukamua wakati ukakasi umefika kileleni. Ukiendelea kusubiri, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na protini na hamira iliyokufa, zikawa vipande vikubwa vinavyotuama. Ukakasi hupungua. Protini zinazoleta ukungu kwenye chupa huondoka kwa njia hiyohiyo, hivyo hakuna haja ya bentonaiti. Na tanini zinazobaki hunywa oksijeni kabla haijaufikia mvinyo. Kazi tatu ambazo ghala la kisasa huzifanya kwa udongo, kichujio na salfa, ganda huzifanya kwa muda.

Kwa nini mtungi

Tangu mavuno ya 1997 Gravner alichachisha mivinyo yake myeupe na maganda katika mapipa makubwa ya mbao. Alitaka kwenda nyuma zaidi, kwenye nchi ya Georgia katika Kaukazi, ambako mvinyo umetengenezwa ndani ya mitungi iliyofukiwa, iitwayo kwevri, kwa maelfu ya miaka. Vita na machafuko baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti vilimzuia. Mwaka 1997 alipata mtungi mdogo wa kujaribia. Mwaka 2000 akasafiri mwenyewe na kuagiza mikubwa. Mingi ilifika imepasuka, kwa sababu mtungi wa ujazo wa zaidi ya lita 1,000, ukiwa mtupu na bila udongo wa kuushika, hauvumilii lori na barabara mbovu. Mwaka 2013 UNESCO iliuorodhesha utaratibu huo wa Georgia katika urithi wa dunia usioshikika. Wakati Gravner anahangaika na mizigo yake, nje ya Georgia waliokuwa wakiujua walikuwa wachache sana.

Umbo la kwevri ni la yai lenye ncha chini. Mbegu ambazo zina tanini kali huzama kwenye ncha, na mashapo ya hamira huzifunika, hivyo hazitoi uchungu wake wote. Mtungi hufukiwa hadi shingoni. Udongo wa kina hicho hukaa karibu nyuzi 12 hadi 15 mwaka mzima. Wakati wa uchachukaji huvuta joto la ziada, na wakati wa baridi huzuia mvinyo kupoa ghafla. Ni mfumo wa kupoozea usiotumia umeme. Ndani, ukuta hupakwa nta ya nyuki ukiwa wa moto ili vinyweleo vya udongo vizibe kiasi. Nta ikiwa nyembamba mno mvinyo huvuja na hewa huingia. Ikiwa nene hubanduka na uchafu hujificha nyuma yake.

Usafi ndio mtihani mkubwa wa mtungi. Tangi la chuma unalifua kwa maji ya moto na limekwisha. Mtungi uliofukiwa hauupindui. Mtu huingia ndani kwa ngazi au huufikia kwa brashi ndefu, huusugua, huusuuza kwa maji mengi hadi yatoke safi, kisha huukausha. Mabaki ya machicha ya mwaka jana kwenye mwanya mmoja yanatosha kuharibu mavuno mazima ya mwaka huu. Watu wengi Ulaya walinunua mitungi kwa kufuata mkumbo miaka ya 2000, wakajifunza jambo hili kwa hasara.

Tuchukue hesabu ya mtungi mmoja wa lita 2,000. Haujazwi zaidi ya asilimia 80, la sivyo kofia itamwagika. Hiyo ni takribani kilo 1,650 za zabibu zilizoondolewa vikonyo. Baada ya kukamua hupatikana lita 1,100 hivi, sawa na chupa 1,450 za robo tatu ya lita, kabla ya kinachopotea kwa mvuke na mashapo. Ribolla ya Gravner hurudi mtungini miezi mingine 5 au zaidi baada ya kukamuliwa, kisha hukaa miaka 6 katika mapipa makubwa ya mwaloni. Maana yake ni kwamba ghalani kuna mavuno ya miaka 7 kwa wakati mmoja, na hela ya zabibu zilizovunwa 2016 huanza kurudi 2023. Bei ya chupa hizi hulalamikiwa sana. Nusu yake ni muda.

Kazi iliyo kabla ya ghala

Ganda linapokaa miezi 6 ndani ya mvinyo, kila kilichopo juu ya ganda hukaa nalo. Hapo ndipo kilimo kinapokuwa suala la kiufundi. Mabaki ya viuakuvu vya kupenya yanaweza kudumaza hamira ya asili, na uchachukaji ukasimama. Ndiyo sababu wakulima hawa hujifunga kwenye mrututu na salfa ya unga: mrututu kwa ubwiri vinyoya, salfa kwa ubwiri unga. Hata hivyo mrututu si maji. Shaba iliyomo haiozi, hujilimbikiza udongoni, na Umoja wa Ulaya tangu 2019 umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mwaka wenye mvua nyingi za masika kilo 4 huisha mapema. Anayebaki salama ni yule aliyepunguza majani kuzunguka vichala kwa mkono, akapanda mahali penye upepo, na akabaki na mavuno machache kwa shina.

Uvunaji nao hubadilika. Kwa mvinyo mweupe wa kawaida zabibu huvunwa mapema ili asidi na harufu ya matunda zibaki. Kwa maganda, zabibu mbichi huleta uchungu wa majani na mbegu za kijani. Mbegu hutafunwa shambani: ikivunjika kwa mlio na kuwa ya kahawia, iko tayari, ikiwa laini na ya kijani, subiri. Ribolla huruhusu kusubiri kwa sababu asidi yake haishuki upesi. Kichala kilichopasuliwa na nyigu au mvua ya mawe hutupwa palepale shambani, kwa sababu meza ya kuchagulia haitaona punje zilizoanza siki ndani ya kichala.

Msomaji anayelima zabibu Dodoma ataliona tatizo mara moja. Kule joto hushusha asidi haraka, na pH, kipimo kinachopanda asidi ikipungua, ikifika 3.7 au 3.8 bakteria hupata nafasi ambayo Oslavia hawaipati. Kuacha maganda miezi 6 katika hali hiyo ni kujitakia hasara. Siku 5 hadi 10 kwenye maganda, kuvuna alfajiri, na kianzio imara ndivyo vitu tunavyoona vinaweza kuchukuliwa kutoka kisa hiki bila kuharibu mavuno.

Salfa: majirani wawili, majibu mawili

Watu hudhani mvinyo wa asili maana yake ni salfa sifuri. Gravner hutia salfa kidogo na hulisema wazi. Radikon, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuitia kabisa katika Ribolla yake, na familia yake inaendelea hivyo baada ya kifo chake mwaka 2016. Wote wawili wana hoja, na tofauti inaelezeka kwa pH.

Salfa inayoua bakteria ni sehemu ndogo tu ya ile iliyo huru katika mvinyo. Kwenye pH ya 3.0 sehemu hiyo ni kama asilimia 6, kwenye 3.5 ni asilimia 2 tu. Kupata ulinzi uleule unahitaji kama miligramu 13 za salfa huru kwa lita katika hali ya kwanza, na 40 katika ya pili. Zabibu yenye asidi kali kama Ribolla inahitaji kidogo, au inaweza kuponea bila kitu ikiwa tanini zipo na uchachukaji umekamilika hadi tone la mwisho la sukari. Radikon aliongeza kinga mbili nyingine: miaka kadhaa katika mapipa makubwa ili kila kinachoweza kuchacha kiwe kimechacha, na chupa maalumu za nusu lita na lita moja, alizobuni pamoja na mtengenezaji mwenzake wa mvinyo, Edi Kante wa Carso, zenye shingo nyembamba ili kizibo kiwe kidogo kulingana na ujazo na hewa inayopita iwe kidogo.

Tukilazimika kuchagua, kwa mkulima anayeanza tungemshauri afuate ya Gravner: miligramu 20 au 30 kwa lita wakati wa kutia chupani. Sifuri ni ya mtu aliyekwisha kuzijua zabibu zake kwa miaka kumi.

Kisheria Italia haina kundi la mvinyo wa asili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu salfa jumla hadi miligramu 150 kwa lita katika mvinyo mwekundu mkavu na 200 katika mweupe. Kwa mvinyo wa kilimo hai, kuanzia 2012, ni 100 na 150. Vikundi vya wakulima vimejiwekea masharti makali zaidi. VinNatur, kilichoanzishwa 2006 na Angiolino Maule wa Gambellara, kinaruhusu 30 kwa mwekundu na 50 kwa mweupe, na hupima mivinyo ya wanachama kutafuta mabaki ya viuatilifu. Kipimo hicho cha mabaki tunakithamini kuliko tangazo lolote la mdomo.

Chupa za kaharabu zilipotoka mara ya kwanza, baadhi ya wakosoaji waliomsifu Gravner walimgeuka. Mivinyo ya maganda haikufanana na ile iliyozoeleka kwa kamati za kuonja za Collio, na lebo za wakulima hawa zikahamia kwenye daraja pana la IGT Venezia Giulia, yaani daraja la mvinyo wa eneo kubwa lenye masharti machache. Gravner hakurudi nyuma: aling'oa hata zabibu nyeupe za kigeni, na mavuno ya 2012 yakawa ya mwisho ya Breg, mchanganyiko wake wa Sauvignon, Chardonnay, Pinot Grigio na Riesling Italico. Katika zabibu nyeupe alibakiza Ribolla.

Mnunuzi atazame nini

Maneno ya lebo yana uzito. "Integralmente prodotto e imbottigliato" na "imbottigliato all'origine dal viticoltore" humaanisha aliyelima ndiye aliyetia chupani. "Imbottigliato da" peke yake inaweza kuwa mvinyo ulionunuliwa kwa lori. Alama ya FIVI, shirikisho la wakulima huru wa mvinyo lililoanzishwa 2008, inathibitisha kwamba mtu hulima, huchachisha na hutia chupani mwenyewe. Haisemi chochote kuhusu salfa. Maneno "contiene solfiti" (ina salfa) huandikwa salfa ikizidi miligramu 10 kwa lita, kiasi ambacho hamira yenyewe inaweza kukitoa, kwa hiyo kuwapo kwake si ushahidi wa kudanganywa.

Joto la safari ni adui wa kweli. Mvinyo usio na salfa ukikaa wiki moja kwenye kontena bandarini Mombasa au Dar es Salaam kwa nyuzi 40 unaweza kuanza upya kuchacha au kuzeeka miaka kadhaa kwa mkupuo. Kizibo kilichosukumwa nje au kilicholowa hadi juu ni sababu ya kuiacha chupa rafuni.

Ribolla ya maganda isinywewe baridi ya friji. Chini ya nyuzi 10 ukakasi hushika ulimi na harufu hufunga. Nyuzi 14 hadi 16 ndiyo sehemu yake, katika glasi pana. Chupa isimame wima siku nzima kabla ya kufunguliwa ili mashapo yashuke. Harufu ya yai au kiberiti inayotoka mwanzoni ni ya mvinyo uliokaa bila hewa. Mimina kwenye jagi, zungusha, subiri nusu saa, itaondoka. Ukungu kidogo si kasoro. Siki kidogo nayo huvumilika: wengi huanza kuihisi kwenye gramu 0.7 kwa lita, na sheria inaruhusu hadi 1.08 kwa mvinyo mweupe.

Kuna kasoro moja isiyovumilika, na wauzaji wengine huipamba kwa jina la uasili: harufu ya panya. Huletwa na bakteria wa asidi ya maziwa au hamira ya Brettanomyces, penye salfa sifuri, pH ya juu na hewa. Puani haisikiki, kwa sababu katika asidi ya mvinyo haipai. Unameza, mate hupunguza asidi mdomoni, na baada ya sekunde 10 au 20 huja ladha ya kizimba cha panya kisichofagiliwa, ikakaa. Si kila mtu huihisi, hivyo waonjaji wawili ni bora kuliko mmoja. Ukiwa na shaka, tia chembe ya magadi ya kupikia kwenye mvinyo kidogo: pH itapanda na harufu itatoka hadi puani. Jagi wala kusubiri hakuiondoi, hewa huizidisha. Chupa ya namna hiyo hurudishwa dukani.

Chupa nzima ya Ribolla hueleza mengi zaidi ikinywewa kwa siku 3 au 4, ikifungwa kwa kizibo chake na kuwekwa mahali pa baridi. Siku ya kwanza tanini ziko mbele. Siku ya 2 hutoka aprikoti kavu, kwa Kiitalia albicocca, asali na majani ya chai. Mvinyo uliotengenezwa kwa haraka, wenye rangi ya kaharabu na wiki mbili tu za maganda kutoka zabibu mbichi, siku ya 2 huwa umekufa, na tofauti hiyo huonekana bila kuuliza lebo.